Jina Lililobaki Mahameni

Ungetaka kumwona Mbuke Wanzagi amekasirika, ungemwambia tu kwamba kijana fulani "amefeli" darasa la saba. Hata kama ni katikati ya mkutano wa kijiji, hata kama aliyesema ni mwenyekiti mwenyewe, angesimama akajifunga kanga kiunoni na kuuliza, "Amefeli nini? Amefeli kula? Jembe limemkataa? Nafasi za sekondari hazitoshi hata robo yao, halafu mnamlaumu mtoto." Watu walicheka, yeye hakucheka. Angekaa chini, na mkutano ungeendelea kwa adabu zaidi.

Alikuwa Bibi Maendeleo, mzaliwa wa Suguti, akaletwa na serikali kwenye kijiji kimoja kipya cha ujamaa kati ya Butiama na Bunda. Mumewe alifariki mapema, hawakujaliwa mtoto. Lakini kila mwaka darasa la saba lilipomaliza, waliokosa nafasi wote wakawa watoto wake. Kazi yake kwenye makaratasi ilikuwa kufundisha akina mama usafi na lishe. Hii ya kuwahangaikia vijana alijipa mwenyewe, na hakuna aliyethubutu kumnyang'anya.

Aliita utaratibu wake "kuonja." Huwezi kujua mchuzi kwa kuutazama, alisema, na kazi ni vile vile. Kila kijana aliyekuja kwake alipelekwa aonje kazi tatu kabla ya kuchagua moja. Alikuwepo mmoja aliyeapa kwamba atakuwa dereva wa lori, akaonja, akatapika njia nzima, akaishia kuwa mwashi hodari wa kujenga matangi. Mbuke alikuwa akikaa pembeni kimya, akitazama mikono ya mtoto wala si mdomo wake. Mdomo unaweza kudanganya, mikono haijui.

Na alikuwa na usia mmoja aliowapa wote kabla ya kuondoka. "Ukifika ofisini ukaambiwa njoo kesho, sema asante, na kesho uende. Subira huvuta heri." Yeye mwenyewe alipata kazi kwa njia hiyo, kwa kuambiwa njoo kesho mpaka wakachoka kumwona. Aliuamini usia ule kama anavyoamini kwamba jua litachomoza.

Mwaka wa sabini na saba akampokea Penina, binti wa Burito. Penina alikuwa na mdomo kama cherehani, haunyamazi, na alikuwa na ugonjwa mmoja: kufunga vidonda. Alifunga miguu ya mbuzi, alifunga vidole vya wadogo zake, na vitambaa vyote alivichana kwenye kanga za bibi yake, mzee Nyamburi, ambaye alilalamika mpaka akachoka. Bahati nzuri mwaka ule kijiji kilipewa nafasi moja ya kijana kwenda Musoma kufundishwa uhudumu wa afya wa kijiji. Ilikuwa nafasi moja tu. Burito hakuwa mtu mbaya, ila alisema waziwazi: kama Penina ataikosa, kuna watu wa Manyamanyama wameshamuulizia, na ng'ombe wao wa mahari wamenona.

"Mama, tuende Musoma moja kwa moja," Penina alisema. "Mimi nimeshachagua."

"Utaonja kwanza kama wenzako," Mbuke akamjibu. "Asije mtu akasema nilikupendelea. Siku ya usaili bado."

Basi wakaanza na Bunda, kwenye kinu cha pamba. Walidandia lori la ushirika, wakashuka wakiwa weupe kwa nyuzi za pamba. Kwenye mzani alikuwapo mzee aitwaye Magesa, mtu mpole, amepima pamba za watu tangu enzi za Mwingereza. Alimtazama Penina, akaachia mkono wa mzani.

"Nyangi," akasema. "Kumbe umerudi."

"Huyu anaitwa Penina, baba," Mbuke akasema. "Penina Burito."

"Nilikuambiaga uje msimu ukianza. Nikawa nakutafuta kwenye foleni, sikuoni." Kisha akajipangusa uso. "Lakini yule ilikuwa mwaka wa Uhuru. Angekuwa mama mtu mzima sasa. Ni macho ya uzee haya, Bibi Maendeleo, unisamehe."

Mbuke alicheka akamtania kwamba anawaona wachumba wa zamani. Alipogeuka, Penina hakuwapo. Alikuwa ameketi nje ya lango juu ya jiwe, magoti pamoja, mikono mapajani, anatazama mbele. Magesa alichungulia naye, na utani wote ukamwisha.

"Hata yule alikaaga pale pale," akasema.

Kazi Penina aliifanya vizuri. Lakini kila walipopumzika alirudi kwenye jiwe lile, na yule msichana wa maneno mengi hakusema neno. Mbuke alipomwuliza anafanya nini, alijibu, "Nimeambiwa nisubiri." Alipomwuliza ameambiwa na nani, akapepesa macho kama mtu aliyeamshwa, akasema hajui, jua lilikuwa kali. Mbuke akaona sawa, jua la Bunda linajulikana.

Safari ya pili ilikuwa Butiama, kwenye chama cha ushonaji cha akina mama. Kiongozi wao alikuwa fundi Robi, mwanamke mnene mwenye vicheko, rafiki wa Mbuke wa siku nyingi. Robi aliinua kichwa kutoka kwenye kitambaa, akamwona Penina amesimama mlangoni. Mkasi ukaanguka.

"Mbona hajakua?" akauliza kwa sauti ndogo.

"Nani hajakua?"

"Huyo. Alikuja hapa baada tu ya Uhuru, nina cherehani moja, mume wangu yuko hai bado. Alikuwa amemaliza shule, anatafuta kazi. Nikamwambia njoo baada ya mavuno. Aliniambia jina lake ni Nyangi. Mbuke, sura ni hiyo hiyo. Hata gauni."

Mbuke akageukia mlangoni. Penina alikuwa ameshatoka nje, ameketi kwenye msingi wa nyumba chini ya dirisha, magoti pamoja, mikono mapajani. Mbuke akachuchumaa mbele yake amwambie waingie ndani. Hapo ndipo aliposhika pindo la gauni lake likamlowanisha vidole. Ulikuwa ukame wa kukausha visima, mvua haijaonekana, ndoo ya maji Butiama mtu aliifuata mbali. Akanusa vidole. Vilinuka ziwa, lile shombo la samaki furu na majani yaliyooza, na ziwa lilikuwa huko mbali, Musoma.

Akamshika mtoto mkono, mkono ukawa wa baridi, wakarudi kijijini siku ile ile bila kuonja chochote.

Hakwenda kwa Burito, alikwenda kwa mzee Nyamburi. Alimkuta anapepeta mtama, akamweleza yote, la mzani na la pindo. Mzee akaendelea kupepeta mpaka ungo ukabaki mtupu, naye bado anapepeta.

"Nyangi ni mwanangu," akasema mwishowe. "Wa mwisho. Mdogo wake Burito."

Alisimulia kwa maneno machache. Nyangi alimaliza shule mwaka wa Uhuru, msichana wa kwanza wa mji wao kumaliza. Watu walikuwa wakiimba kwamba kazi sasa ni zetu. Akaenda kuitafuta. Alikwenda Bunda, akaambiwa njoo msimu. Alikwenda Butiama, akaambiwa njoo baada ya mavuno. Alikwenda Musoma kwenye ofisi fulani waliyosikia inachukua wasichana wa kusaidia wagonjwa, akaambiwa njoo kesho, akaenda kesho, akaambiwa njoo kesho. Hakuwa na ndugu mjini. Alikuwa akilala kwenye yale mawe ya ufukweni. Wavuvi walimkuta majini, na viatu vyake vimepangwa vizuri juu ya jiwe kama vya mtu aliyeingia ndani kwa watu.

"Tulimzika nyumbani, kule mji wa zamani. Halafu Burito akazaa. Mtoto analia, hashiki titi, analia tu. Wazee wakakaa, wakaanza kumtajia wafu wetu mmoja mmoja, tujue anataka jina la nani, kama tunavyofanyaga. Bibi fulani, analia. Babu fulani, analia. Sisi tunataja wazee, nani angefikiri kumtaja msichana? Mimi ndiye niliyesema Nyangi. Akanyamaza hapo hapo, akashika titi."

"Lakini hamumwiti Nyangi."

"Tulimwita. Kisha akabatizwa, akaanza shule, mwalimu akataka la ubatizo. Kisha Operesheni Vijiji ikaja, mgambo wakatuhamisha huku, nyumba zetu zikabomolewa. Tulibeba vyungu, tulibeba kuku. Jina tukaliacha kule na makaburi." Akaweka ungo chini. "Inuka nikuonyeshe."

Walikwenda mahameni jua la utosi, saa ambayo mtu hana kivuli. Penina walimwacha nyumbani amelala, na mama yake anamwangalia. Mji wa zamani ulikuwa na uzio wa minyaa bado wima, umezunguka mahali pasipo na kitu. Mafiga yalikuwapo na majivu yalikuwapo. Hata ndege hawakulia. Kaburi la Nyangi lilikuwa ukingoni, na nyasi mbele yake zilikuwa zimelala, mahali padogo, kiasi cha mtu mmoja kuketi kila siku.

Mzee Nyamburi akaita taratibu, kama mama anavyomwita mtoto aliyeko jikoni. "Nyangi."

"Abee," ikajibu sauti nyuma ya minyaa.

Ilikuwa sauti ya Penina. Mbuke aliruka ule uzio, akakwaruzwa mikono, hakukuta mtu. Alikimbia mpaka kijijini, na umri wake ule. Penina alikuwa bado amelala, na mama yake aliapa kwamba hajainuka wala hajafungua mdomo, ila usingizini ametabasamu.

Sasa hapo mtu mwingine angeacha. Mzee Nyamburi alimsihi aache. "Yule safari yake iliishia Musoma. Unampeleka huyu kwenye njia ile ile, mji kwa mji, kama umetumwa." Mbuke akajitetea kwamba njia ni hiyo kwa sababu kazi za mshahara zenyewe ndizo hizo, Bunda, Butiama, Musoma, nyingine ziko wapi? Lakini usiku aliogopa, aliogopa kweli. Angemzuia Penina asiende, nafasi ingekwenda kwa mwingine, na mtoto angepelekwa kwa watu wa ng'ombe walionona, na mikono ile isifunge vidonda tena ila vya mbuzi wa mume. Angempeleka, huenda asirudi naye. Asubuhi Penina mwenyewe akasimama mlangoni amevaa.

"Mama, usaili ni leo," akasema. "Tukichelewa watasema tuje kesho."

Ofisi ile ya mjini Musoma ilikuwa na benchi moja barazani na karani mmoja ndani, mwenye Kaunda suti na uso wa mtu aliyeamkia ubavu mbaya. Kati ya nyumba mbili za jirani ziwa lilionekana, jeupe, na yale mawe makubwa yaliyobebana. Mbuke alikuwa amemshika Penina mkono tangu waliposhuka garini. Aliuachia kidogo tu, akamketisha kwenye benchi, apate kutoa barua ya kijiji.

Karani hakuisoma. "Nafasi ya huko kwenu wameshaiomba wengine. Njooni kesho, tuone."

Na Mbuke, kwa mazoea ya maisha yake yote, mazoea yaliyokuwa yamemwotea ulimini, akasema, "Asante ndugu. Tutakuja kesho."

Alipogeuka, benchi lilikuwa tupu na limelowa.

Alikimbia katikati ya zile nyumba mbili. Viatu vya Penina vilikuwa juu ya jiwe, vimepangwa vizuri, ncha zikitazama maji. Penina mwenyewe alikuwa amefika maji ya kiuno, anakwenda taratibu, bila hofu, kama mtu anayeitwa ndani akaribie. Wavuvi walikuwa mbali wakianika nyavu.

"Penina!" Hakugeuka. "Penina, mwanangu!" Maji yakamfika kifuani.

Mbuke aliingia majini na nguo zake, miguu ikiteleza kwenye mawe, na kilichomjia ni mtoto mchanga anayelia huku wazee wakitaja majina yasiyo yake. Akasimama.

"Nyangi," akaita.

"Abee."

Uso tu ndio uliogeuka. Ulikuwa wa Penina na haukuwa wake, ulikuwa wa mtu aliyechoka kwa muda mrefu. Mbuke alifungua mdomo aseme vumilia, aseme subira, na kwa mara ya kwanza akaona aibu ya lile neno. Ni wangapi aliowaambia? Ni wangapi walioketi kwenye mawe ya watu, magoti pamoja, kwa sababu yeye aliwafundisha kusema asante?

"Njoo leo," akasema.

"Wamesema kesho."

"Mimi nasema leo. Kazi yako ipo, Nyangi. Kesho sitaki kuisikia tena. Njoo leo."

Ziwa lilitulia kabisa, hata mawimbi madogo ya ufukweni yakanyamaza. Msichana alimtazama kama anayepima ukweli wa mtu. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akalia, akalia kilio cha kitoto kichanga, na Mbuke akamfikia, akamkumbatia, wakatoka majini wakitetemeka wote wawili.

Hawakwenda kujikausha. Waliingia ofisini vile vile, na Mbuke akaketi sakafuni, mlangoni, ili asiwepo wa kuingia wala kutoka.

"Nimesema kesho, mama," karani akasema.

"Kesho imekwisha, ndugu. Imekwisha toka mwaka wa Uhuru. Tumekuja leo."

Karani akafoka. Akatishia kumwita polisi, akainuka kabisa kwenye kiti ili atoke nyuma ya meza yake. Ndipo alipotazama sakafu. Ilikuwa saruji safi, imepigwa deki asubuhi, na juu yake nyayo za maji ziliingia kutoka mlangoni. Kulikuwa na nyayo pana za Mbuke, zilizoishia pale alipoketi. Kulikuwa na nyayo za Penina, zilizoishia miguuni pake. Na kulikuwa na nyayo nyingine nyembamba, za miguu mitupu, zilizopita kando ya Penina mpaka mbele ya meza, zikasimama pale, vidole vikimwelekea yeye.

Alizitazama kwa muda. Kisha akaketi, akachukua kalamu.

"Jina," akasema.

Msichana alimtazama Mbuke, akatazama ile nafasi tupu mbele ya meza. "Nyangi," akasema. "Nyangi Penina Burito. Uandike yote."

Akaandika yote. Nyayo zile nyembamba zikakauka kabla ya nyingine.

Alisoma, akafuzu, akarudi kijijini, akapewa chumba kimoja cha bati kiwe cha huduma. Pale mgonjwa hakuwahi kuambiwa njoo kesho, hata akifika wakati mlango unafungwa. Watu wote sasa walimwita Nyangi. Maneno yake mengi yalimrudia, na mzee Nyamburi akaanza upya kulalamikia kanga zake. Mbuke naye aliendelea kuwaonjesha vijana kazi, ila ule usia wake hakuutoa tena kwa mtu. Alipowapeleka ofisini aliingia nao, na makarani wa mkoa mzima wakajifunza kumwogopa yule mama anayekaa sakafuni.

Miaka ikapita. Siku moja homa ikamshika Mbuke, homa ya kugongesha meno, akajikokota mpaka kwenye kile chumba mchana, jua la utosi. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na giza baada ya ule mwanga, na msichana alikuwa amempa mgongo, anasuuza kitu kwenye karai.

"Ingia mama," akasema. "Usirudi kesho."

Mbuke aliketi. Mkono ukamgusa paji la uso, mkono wa baridi, na baridi ile ikamtuliza kuliko dawa. Akapewa vidonge kiganjani, akashukuru, akatoka akishika kuta. Mbele kidogo akakutana na Nyangi Penina anakuja kwa haraka kutoka barabarani, ameshuka kwenye lori la Musoma, na sanduku la dawa kichwani.

"Jamani mama, unaumwa? Pole, umekuta pamefungwa. Nilikwenda kufuata dawa toka juzi, funguo ninazo mimi."

Mbuke akafungua kiganja. Vidonge vilikuwapo, vimelowa kidogo, vikinuka ziwa. Nyangi Penina alivitazama, akahesabu kama ni dozi sahihi, wala hakushtuka.

"Huwa ananisaidiaga nikisafiri," akasema. "Alitakaga kazi tu, mama."

Mbuke akavimeza palepale bila maji, akaenda zake nyumbani kulala.